Mbuta, Kuon na Miguu: Nani Alipe Deni la Sahani?

Ukishuka kutoka mjini Homa Bay kwenda ufuoni, harufu inakufikia kabla hujayaona maji. Ni mbuta anayekaangwa karaini, vitunguu vya kachumbari, na moshi wa kuni uliochanganyika na upepo wa ziwa. Ukigeuka nyuma unauona Got Asego umesimama juu ya mji. Mtu anaweza kula hapa saa saba mchana na kuupanda mlima ule saa kumi na moja jioni. Wengi wetu tunakula, tunapanda boda, tunaenda nyumbani.

Swali langu ni dogo, lakini limenisumbua kwa miaka: mtu anayependa chakula kwa moyo wake wote aishi vipi na mwili wake? Nimelisikia likijibiwa kwa hasira na kwa upendo, Homa Bay na Migori, na majibu hayalingani. Hapa nimeyapa sauti nne na kuziketisha kwenye benchi moja ya kibanda cha samaki. Wenye sauti hizi hawana majina kwa sababu kila mmoja wao ni watu wengi: Mama Samaki wa ufuoni, Mwalimu wa michezo kutoka Migori, Sista muuguzi wa Rongo, na Mkata Miwa wa Awendo. Mimi nitaingilia nitakaposhindwa kunyamaza.

MWALIMU: Mama, mimi chakula chako sikiogopi. Kila alfajiri naishika barabara ya Isebania, nakimbia kilomita nane, narudi jua likitoka. Baada ya hapo nikila kuon, ugali wetu, sahani nzima na mgongo wazi juu yake, nani ataniuliza? Nimeshalipa.

MAMA SAMAKI: Umemlipa nani, mwalimu? Mimi chakula sijawahi kukikopa. Naamka saa tisa usiku kuzisubiri mashua. Nachagua samaki, napara magamba, nasimama mbele ya moto mpaka giza liingie. Ukiniambia nikimbie tena, unanipa kazi ya pili isiyo na malipo.

MWALIMU: Kusimama si kutembea, mama.

MAMA SAMAKI: Na beseni la samaki kichwani?

MWALIMU: Siku hizi beseni linapanda boda, nawe unakaa nyuma yake.

Mama amenyamaza, kwa hiyo naomba nafasi. Boda boda ilianzia mpakani Busia, watu wakivushwa kwa baiskeli, na aliyekuwa akiendesha alikula jasho la mapaja yake. Tangu 2008, pikipiki ndogo zilipoondolewa kodi, mashine imeingia kila kijiji, kutoka Muhuru Bay hadi Oyugis. Imeokoa akina mama wajawazito usiku wa manane na imewapa vijana riziki. Sitasema neno baya juu yake. Lakini imechukua kitu ambacho hakuna aliyekihesabu. Safari ya kisimani, ya sokoni, ya kanisani, ya matanga, zote zilikuwa mazoezi ambayo hayakuitwa mazoezi. Hatukuwahi kuzitafutia jina kwa sababu hatukujua kwamba zitaondoka.

SISTA: Hapo nakubali nusu tu. Mnaongea kana kwamba Wakenya wameacha kutembea. Uchunguzi wa kitaifa wa STEPS, uliofanywa 2015 kupima magonjwa yasiyoambukiza, ulikuta watu wazima wasiofikia kiwango cha kuutumikisha mwili ni asilimia 6.5 tu. Wengine wote walikuwa wanalima, wanabeba, wanatembea. Na uchunguzi huo huo ukakuta asilimia 27 wana uzito uliozidi. Wanawake ni asilimia 38.5, wanaume 17.5. Mwenye presha alikuwa karibu mtu mmoja kati ya wanne. Sasa niambie, mwalimu: kama kutembea kunalipa deni la sahani, uzito huu umetoka wapi?

MWALIMU: Umetoka kwa watu wasiokimbia kweli kweli. Kutembea ni kutembea. Angalieni wanariadha wa Iten. Wanakula ugali kuliko mimi, na sukari wanamimina kwenye chai. Kuna mwenye kitambi pale?

SISTA: Uliyoyasema ni kweli. Watafiti walipoandika mlo wa wakimbiaji bora wa Kenya mwaka 2004, walikuta zaidi ya robo tatu ya nguvu zao inatoka kwenye wanga: ugali, mkate, viazi, sukari. Lakini walikuta pia kwamba mafuta kwenye sahani zao ni machache sana. Hakuna karai pale. Na wanapita kilomita mia moja kwa wiki, kwa kasi ambayo wewe, mwalimu wangu, huiwezi hata ukishuka mteremko.

MWALIMU: Basi nitaongeza kilomita.

SISTA: Nisikilize kwanza. Kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wanaishi Wahadza, watu wanaowinda na kuchimba mizizi. Hawana boda na hawana ofisi. Kundi la watafiti likiongozwa na Herman Pontzer lilipima nguvu ambazo miili yao inatumia kwa siku, likachapisha matokeo 2012. Walitarajia kukuta Mhadza anaunguza kuliko Mmarekani anayekaa kwenye kiti. Ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, jumla ya siku ilikuwa karibu sawa. Maelezo yao ni kwamba mwili una bajeti yake. Ukitumia zaidi kwenye miguu, unabana kwingine.

Nilipousoma utafiti huo mara ya kwanza sikuufurahia. Nilikuwa upande wa Mwalimu. Niliamini hesabu ya duka: ingiza, toa, salio. Lakini hata ukiishika hesabu ya duka yenyewe, haimsaidii. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori zipatazo 120. Mtu wa kilo 70 akitembea kwa kasi saa nzima anatumia kama 250. Saa nzima ya jasho, vijiko viwili vya mafuta, na mbuta anayeogelea karaini anatoka na zaidi ya hivyo. Kilomita nane za Mwalimu ni kama kalori 560, na gramu 160 za unga mkavu wa mahindi zinazimaliza. Kuon ya mwanamume mwenye njaa inapita hapo kabla hajagusa samaki.

MWALIMU: Kwa hiyo nimekuwa nikijidanganya?

MKATA MIWA: Mwalimu, hujajidanganya peke yako. Mimi nakata miwa Awendo. Kiwanda cha sukari cha Sony kilianza kusaga 1979 na baba yangu alikuwa shambani kabla yangu. Siku nzima nainama na kuinuka na panga, jua likiwa kichwani. Jioni mke wangu anaweka kuon, nakula mpaka sufuria inalia, na mkanda wangu uko tundu lile lile. Mazoezi kwangu ni neno la watu waliopumzika. Lakini nina ndugu yangu. Alikuwa mkataji kama mimi, akanunua pikipiki. Kuon yake haikupungua hata tonge. Sasa ana tumbo, na kwenye kliniki ameambiwa presha. Sahani alihama nayo, panga aliliacha shambani.

Hakuna aliyesema jambo zito kuliko hilo kwenye benchi hii. Kuon yetu ni urithi wa watu waliolima kwa jembe la mkono na kuvuta nyavu. Tulipoacha jembe hatukuibadilisha kuon, tena tukaiongezea karai. Bibi zetu walimpika samaki chunguni, kwa maji, nyanya na chumvi. Ngege aliyekaushwa juani, obambla, aliloweshwa akachemshwa polepole. Osuga, yaani mnavu, na dek, ule mgagani mchungu, viliungwa kwa maziwa na kuachwa vilale usiku mmoja, vikapashwa moto tena mpaka uchungu upoe. Apoth, yaani mlenda, iliteleza kooni bila tone la mafuta. Kukaanga kila siku ni jambo la juzi, lililoletwa na chupa ya mafuta ya dukani.

Na mgongo wazi, kwa msomaji wa mbali, ni kile kinachobaki viwanda vikishachukua minofu ya mbuta kwenda kuuza ng'ambo. Mnofu unapanda ndege, kwetu vinabaki mifupa, kichwa na mkia, na hivyo haviliki vizuri mpaka vikaangwe vikauke. Tumeupenda mgongo wazi kwa dhati, nami naupenda. Ila si haki kumlaumu mlaji kwa mafuta yake bila kuuliza mnofu ulikwenda wapi.

MAMA SAMAKI: Mmesema mengi. Sasa mimi niwaambie jambo ambalo hamlisemi. Sista, miaka ya tisini ulikuwa wapi?

SISTA: Nilikuwa mtoto, mama.

MAMA SAMAKI: Mimi nilikuwa mwanamke mzima, na watoto. Wakati huo mtu akikonda, hakuna aliyeuliza anafanya mazoezi gani. Walisema chira. Walisema amevunja mwiko, au mume wake amevunja. Kisha tulisikia ugonjwa wenyewe. Tulizika Jumamosi hii, tukazika Jumamosi ijayo. Nguo za mtu zikimlegea, majirani walikuwa wanaanza kuhesabu watoto atakaowaacha. Halafu dawa zikaja. Nikaona watu waliokuwa wameshaandaliwa sanduku wanarudi sokoni, mashavu yamejaa. Siku hizo unene ulikuwa habari njema. Sasa unakuja kuniambia nipunguze kilo kumi. Nikipungua kilo kumi, huyu anayenunua samaki atasemaje?

Hapa benchi nzima ilinyamaza, nami nyumbani, nikiandika, niliiweka kalamu chini.

Historia ya mahali hapa inasimama nyuma ya mama huyu. Hospitali ya Homa Bay ndipo Madaktari Wasio na Mipaka walipoanza, mwaka 2001, kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI bila malipo, wakati Wakenya wengi hawakuwa na namna ya kuzipata. Upande wa pili wa ziwa, Uganda, watu waliuita ugonjwa huo kwa jina lenye maana ya wembamba. Hata mwaka 2018, uchunguzi wa kitaifa wa KENPHIA ulikuta watu wazima wenye virusi Homa Bay ni asilimia 19.6 na Migori 13.0, ilhali wastani wa nchi ulikuwa 4.9. Mtu anayekuja mji huu na mzani na tabasamu, akihubiri wembamba, anazungumza na watu ambao wembamba uliwachukulia dada na kaka zao. Mapenzi ya chakula hapa yana kina kuliko ulafi. Sahani iliyojaa ilikuwa ushahidi kwamba nyumba imepona. Yeyote atakayeandika juu ya unene wa Nyanza bila kuanzia makaburini ameanza katikati.

SISTA: Mama, nakushukuru kwa kulisema. Ndiyo maana kwenye kliniki yangu simwambii mtu akonde. Wale waliookolewa na dawa sasa wana miaka hamsini, sitini. Wanakuja kuchukua dawa zao, nikiwapima nakuta presha, nakuta sukari. Waliishinda ile ya kwanza. Sitaki waanguke kwa hii. Kwa hiyo naomba mambo mawili, na kilo si mojawapo.

MAMA SAMAKI: Sema, nakusikiliza.

SISTA: La kwanza ni la mdomoni. Sikwambii uache kuon wala samaki. Samaki ni mali. Omena unamla mzima na mifupa yake, unapata madini ambayo mwingine ananunua kwenye vidonge. Nakwambia karai lipumzike. Mchemshe samaki siku nne, mkaange siku mbili. Mboga iwe nusu ya sahani. Na chai: Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongeza isipite takriban gramu 50 kwa siku, yaani kama vijiko kumi na viwili vidogo. Vikombe vinne vya chai, vijiko vitatu kila kimoja, umeshafika, na soda hujaifungua.

MKATA MIWA: Sista, hapo unaugusa mshahara wangu.

SISTA: Naugusa kidogo tu, ndugu yangu. La pili ni la miguu. Mwalimu, wewe uendelee kukimbia.

MWALIMU: Baada ya kunivunja hivyo?

SISTA: Nimevunja sababu yako, mbio sijazigusa. Mtu anayetembea presha yake inashuka hata mzani ukibaki pale pale. Misuli ikifanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu, ndiyo maana mwendo mfupi baada ya kula unasaidia. Unalala vizuri. Kichwa kinatulia. Hayo yote unayapata hata kama hukupoteza gramu moja. Shirika la Afya Duniani liliandika upya mwongozo wake 2020: dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, na si lazima ziwe za mfululizo. Ukitembea dakika saba, zinahesabika. Kimbia kwa ajili ya moyo wako, mwalimu. Usikimbie kama mtu anayedaiwa.

MWALIMU: Niseme ukweli. Siku nikikosa kukimbia huwa sili vizuri. Naitazama kuon kama mwenye hatia. Na siku nikikimbia sana nakula bila kipimo, kwa sababu najiona nimestahili. Miaka yote hii chakula sijakionja kwa amani.

Maneno hayo ya Mwalimu ndiyo yaliyonifanya niandike. Tabia hiyo naijua. Mtu anayegeuza mazoezi kuwa malipo ya chakula anaharibu vyote viwili. Mbio zinakuwa adhabu, na hakuna anayeipenda adhabu miaka ishirini. Siku moja mvua inanyesha, kesho goti linauma, na kwa kuwa hakuna furaha iliyokuwa ikimvuta, haendi tena. Mlo nao unakuwa kosa, na mtu anayekula kwa hatia hula haraka, peke yake, na kwa wingi. Hukumu yangu ni kwamba Mwalimu na Mama walikosea pamoja, kila mmoja upande wake. Mwalimu aliamini miguu inafuta sahani. Mama aliamini uchovu unatosha kuwa mazoezi. Kusimama saa kumi na mbili mbele ya moto kunachosha kweli, nami namheshimu kwa hilo, lakini moyo haukukimbia hata mara moja.

MAMA SAMAKI: Na mimi nitembee wapi, Sista? Nikifunga kibanda ni saa moja jioni. Barabara haina pembeni. Boda zinapita zikinigusa leso. Mwanaume akikimbia wanamwita mwanaspoti. Mimi nikikimbia wataniuliza nimeiba nini, au nani amekufa.

SISTA: Nenda na wenzako, mama. Watatu au wanne mnaofunga pamoja.

MAMA SAMAKI: Na leso zetu?

SISTA: Na leso zenu. Mazoezi hayana sare.

MKATA MIWA: Na pembeni mwa barabara je? Hilo Sista hawezi kuliandika kwenye kadi ya kliniki.

Hawezi, na sitaki makala haya yamwache mama huyu na ushauri mtupu. Namba za STEPS zinaonyesha wanawake wakibeba uzito uliozidi mara mbili ya wanaume, na sijawahi kusikia zikisomwa kwenye kikao cha bajeti ya barabara. Kijana wa Awendo ana kiwanja cha mpira na hadithi ya Sony Sugar kutwaa ligi ya taifa 2006. Mama wa soko ana nini? Uwanja wa Homa Bay ulikarabatiwa kwa ajili ya sherehe za Madaraka za tarehe 1 Juni 2025, na kaulimbiu ya siku hiyo ilikuwa uchumi wa buluu. Tulizungumza juu ya samaki kwa saa nyingi. Naomba uwanja huo uwe wa anayemkaanga samaki pia: milango iwe wazi kwake alfajiri na jioni, taa ziwake, na asiulizwe kadi wala kiingilio. Kwa Migori naomba njia ya miguu kando ya barabara kuu, kuanzia mjini hadi pale nyumba zinapokwisha, yenye upana wa kutosha akina mama watatu wanaotembea sambamba wakiongea. Hizo ni gharama ndogo kuliko dawa za presha za kaunti mbili.

MAMA SAMAKI: Mwalimu, kaa ule. Leo nimekuchemshia ngege.

MWALIMU: Na kuon?

MAMA SAMAKI: Kuon ipo. Nani aliyesema itaondoka?

Msomaji wangu wa Homa Bay, wa Migori, na popote ulipo unapokula kwa furaha: kesho ukimaliza mlo wako, mwache boda wa kwanza apite. Mwache na wa pili. Kama unayemwita mama yuko karibu nawe, mshike mkono mwende wote.